Weldon Kimeli Maritim (1979–2026), Aliyepima Njia za Pumzi

Familia ilikaa pamoja kuandika wasifu huu, lakini kalamu ilikuwa yangu, mimi Rodah, dada yake mkubwa. Mkiona mahali nimemsifu sana, jueni kwamba hapo nimejizuia.

Weldon Kimeli Maritim alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Kaptebeswet, karibu na Kapkatet. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Kipkorir Maritim na Mama Tecla, ambaye tunamshukuru Mungu tuko naye hapa leo. Alisoma shule ya msingi papa hapa kijijini, akichuma majani chai asubuhi kabla ya kengele, na akamaliza mwaka wa 1993. Mwalimu wake wa darasa la sita aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu huuliza maswali mpaka kipindi kinaisha. Baba alifurahi akidhani hiyo ni sifa. Mimi nilielewa kwamba mwalimu alikuwa analalamika.

Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 1997, akaenda Nairobi kusomea utengenezaji wa meno bandia, na akahitimu Desemba 2001. Kwa miaka kumi na tano alitengeneza meno katika hospitali mbalimbali. Nikipita sokoni Litein mpaka leo namwona mzee akicheka, nami najua ni kazi ya nani.

Mwaka wa 2008 alimpenda Abigael Wacera, binti wa Mzee Thuo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Chepseon. Siku ya koito, wazee wetu walipokwenda kumposa, Mzee Thuo alikuwa akizungumza huku meno yake ya bandia yakicheza. Kimeli hakuweza kuvumilia. Aliomba ruhusa, akayachukua, akaenda nayo jikoni na tupa ndogo aliyokuwa nayo mfukoni. Wazee wa pande zote mbili walingoja karibu nusu saa, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na meno ya kujadili mahari. Yaliporudi yalikaa imara, na mazungumzo yakaisha haraka. Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Desemba mwaka huohuo.

Kazi iliyomfanya ajulikane mbali aliianza mwaka wa 2017, alipojiunga na daktari wa upasuaji wa taya, Dkt. Onyiego. Mtu ambaye taya lake la chini limetokeza sana hufanyiwa upasuaji, taya likarudishwa nyuma ili meno yakutane. Lakini ulimi nao hurudi nyuma, na njia ya hewa inaweza kubanwa, mtu akawa anakosa pumzi usingizini. Kimeli alichukua picha za skani za kabla na za baada ya upasuaji, akachapa kwa mashine modeli za plastiki za njia hiyo ya hewa, zenye uwazi ndani. Kisha alizijaza strungi baridi na kupima imeingia kiasi gani. Alitumia chai ya rangi kwa sababu maji hayakuonekana vizuri kwenye plastiki ile. Wageni wa maabara walionywa wasiguse kikombe chochote.

Mwaka wa 2023 alifanyiwa upasuaji mwalimu Nelvine kutoka Mulot, ambaye ameturuhusu tumtaje na ameketi pale mbele. Miezi sita baadaye modeli yake ya pili ilibeba chini ya nusu ya chai ya kwanza. Kimeli alisema bila kusita kwamba njia imebanwa na kwamba plastiki haidanganyi. Dkt. Onyiego alimwamini, akampangia Nelvine upasuaji mwingine. Mwalimu alilia. Alikuwa ameanza tu kula mahindi kama watu wengine.

Zikiwa zimebaki siku tano, Kimeli alichapa pia mifupa ya shingo kutoka skani ileile, ili tu ajiridhishe. Mifupa ilikuwa imeinama. Alimwita Nelvine, akamuuliza alikuwa akifanya nini ndani ya mashine ya skani.

"Nilikuwa naomba tu, daktari. Hiyo mashine inatisha."

"Kwani unaombanga aje?"

Nelvine alifumba macho, akashusha kidevu mpaka kifuani, kama sisi sote tulivyofunzwa na mama zetu. Ukiinama hivyo, koo hujikunja na njia ya hewa hupungua. Skani ilirudiwa akiwa ameinua kidevu, na modeli mpya ikabeba chai karibu sawa na ya kwanza. Upasuaji ulifutwa. Kimeli aliwauliza wagonjwa wengine kumi na saba, na sita wakakiri kwamba nao waliomba.

Dkt. Onyiego alitaka ripoti ya utafiti wao kwa hospitali ionyeshe vipimo vipya peke yake. Kimeli alikataa. Alitaka ukurasa mzima ueleze kosa lile, na useme wazi kwamba ni yeye aliyeharakisha kutoa jibu. Walikosana karibu mwaka mzima, na sisi nyumbani tulimwambia aache, jina lake litaharibika. Alitujibu hivi: "Hapa kwetu kila mtu anaomba. Mimi sitaki mtu akatwe mara ya pili juu ya kumcha Mungu."

Oktoba 2024 alipatikana na saratani ya umio. Tulipowaambia watu ni ugonjwa wa koo, alitusahihisha kwamba koo lake la hewa ni zima kabisa, shida iko kwenye njia ya chakula. Alipigana na ugonjwa huo kwa ujasiri. Wiki ya mwisho aliuliza kila siku kama ule ukurasa, aliokwisha kuuandika na kuutia sahihi, umekubaliwa na Dkt. Onyiego na hospitali, nasi tulimwambia bado. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Februari 2026, Abigael akiwa amemshika mkono. Iliniuma kwamba aliondoka akiuliza, na bado inaniuma.

Ameacha mjane, Abigael Wacera; watoto wawili, Moureen na Steve; mama yake, Tecla; ndugu na dada watano; na watu kumi na wanane wanaolala na kupumua vizuri.

Ripoti ilitoka Jumatatu hii. Abigael aliifungua, nami nikasoma juu ya bega lake. Kosa limeandikwa ukurasa mzima, kama alivyotaka, na mwishoni kuna sahihi ya Weldon Kimeli Maritim kukiri kwamba ni lake. Chini ya sahihi hiyo Dkt. Onyiego ameweka ya kwake, akaandika kwamba kosa ni la wote wawili.

Kimeli, wamekubali. Sasa pumzika, ndugu yangu, kwa amani ya Mungu.