Ndoo ya Mchanga ya Baba Julia

Ndugu waombolezaji, naomba radhi mapema, historia hii nitaisoma vibaya, maana ilimpasa kaka wa marehemu, Mzee Godwin, lakini sauti imemkauka tangu juzi, ukoo ukatazamana, mzigo ukaniangukia mimi binamu, mchekeshaji wenu wa harusini, ambaye kwa mila naruhusiwa kumtania marehemu hata akiwa ndani ya jeneza, na leo utani wenyewe hautoki. Nimekubali pia kwa sababu yapo maneno yanayopita huko jikoni, kwamba shemeji Oliva ndiye aliyemmaliza mumewe, na maneno hayo nataka tuyazike kabla ya kumzika marehemu.

Marehemu Nikolao Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Lisekese, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1983 hadi 1989, sekondari akaishia kuisikia kwa wenzake, mwaka 1993 akapanda Newala kufanya kazi ya kubangua korosho, na huko tarehe 9 Oktoba 1999 akafunga ndoa na Oliva, wakajaliwa mabinti wawili, Julia, aliyezaliwa 2001, na Mabel, aliyezaliwa 2006.

Kazi ya korosho ilipokwisha, mwaka 2019, alirudi nyumbani kwake kule Newala na beseni la funza, wale wa nzi weusi, akamwambia mkewe, "Mama Julia, ng'ombe wetu hawa hapa," naye akajibiwa, "Ng'ombe hao watalala nje, Baba Julia, na mchungaji wao pia." Akawalisha makapi ya mabibo na mabaki ya sokoni, wakinenepa anawaosha, anawakausha juani, anawakamua kwa mashine ya mkono, yanatoka mafuta meusi yanayonuka hata mbwa anageuza njia, kisha anayachuja kwa shuka, anayachemsha na maji ya chumvi, anayaacha yatuame, anaondoa maji yaliyokaa chini, anayarudisha jikoni kwa moto mdogo, ameinamisha sikio, maana mafuta yenye maji huzungumza, yakinyamaza yamekauka. Yakawa ya rangi ya asali, hayana harufu, akapikia sabuni, na nyie wa Newala mliomwita Baba Funza mmeiogea, msitazame chini.

Kando ya jiko aliweka ndoo ya mchanga, kwa kuwa mafuta yakiwaka hayazimwi kwa maji, jambo alilomwambia kila aliyeingia pale. Mimi nikaichukua ndoo ile nikaipeleka jukwaani kama kichekesho, kwamba Newala maji yamekuwa adimu hadi binamu yangu ananawisha wageni mchanga, watu wakavunjika mbavu, watoto wakawa wakipita uani kwake wanaimba, "Baba Julia, tunawishe," naye aliniambia kwa upole, "Binamu, nicheke mimi, ndoo iache."

Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 2025 mafuta yalikuwa bado yana maji, yakafurika sufuriani, yakashika moto, shati lake likawaka, akapiga kelele aletewe mchanga, na majirani ng'ambo ya uzio wakacheka, wakidhani anaigiza kichekesho changu. Shemeji alikimbia na maji ya mwisho yaliyokuwa ndani, maji aliyoyapangia foleni tangu alfajiri, akayamwaga, moto ukaruka hadi kwenye paa, na waliokuwa wakicheka wakaja na madumu yao, wakamwaga nao. Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Septemba, katika hospitali ya Mkomaindo, akiwa bado anauliza kama Mama Julia ameungua mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mkomaindo ambao hawakulala, wabanguaji wenzake wa zamani walioteremka naye kutoka Newala, na majirani, watu ambao dumu la maji hulifungia kufuli chumbani, siku ile mkayatoa yote bila kuhesabu, ahsanteni, msijilaumu.

Shemeji Oliva naye asilaumiwe, alimpa mumewe kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani mwao. Lala, Nikolao, sasa pamenyamaza. Na anayemtafuta aliyekuua asihangaike kwenda jikoni, ndoo ilikuwepo na ilikuwa imejaa, ila kwa miaka mitano kuna mtu aliwafundisha watu wote kuicheka, mtu huyo amesimama mbele yenu na karatasi mkononi, na jambo la kusikitisha ni kwamba katika vichekesho vyangu vyote, hicho ndicho pekee ambacho hamkukisahau.