Swali la Mama Kamba

Wasikilizaji wapendwa, mwenye sufuria motoni aiepue kwanza, maana hii ya leo haitaki kusikilizwa nusu nusu. Tunamkumbuka mama mmoja, fundi wa kushona matanga. Tumemzika Jumanne. Watu wa klabu ya mashua walimwita Mama Kamba. Jina hilo walimpa kwa kumcheka. Yeye akalivaa kama nguo yake.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Hakikuwa na meza. Tanga moja likitandazwa, sakafu yote imekwisha. Alishona kapiga magoti, pini mdomoni. Ukimsalimia, anakujibu kwa nyusi. Binti yake anasema, "Mimi nimejifunzia kutembea juu ya matanga ya watu. Nikilichafua, nakiona cha moto."

Mumewe yuko hai. Tumwite Nahodha, ndivyo anavyopenda. Walikuwa na mashua ndogo ya tanga, wakasafiri miaka, bandari hadi bandari. Mume kwenye usukani, mke kwenye matanga. Na kila Jumamosi wakiwa nyumbani, walikwenda klabuni.

Pale klabuni wasafiri wanasimuliana. Mmoja anasimama mbele, anaonyesha picha ukutani, anaeleza alipita wapi, upepo ulikuwaje, nanga aliitia wapi. Mwisho wenzake wanamuuliza maswali. Si hadithi za kupoteza muda. Mtu akisikia wewe umepita mahali, na yeye atapita hapo hapo. Lishikeni hilo.

Sasa, kuna kisiwa kimezungukwa na miamba. Mlango wa kuingilia ni mmoja, mwembamba. Maji yakipwa, mkondo unatoka mlangoni kwa nguvu na kukusukumia mwambani. Nahodha na mkewe walifika maji yanapwa. Injini ikazima. Tanga halikufua dafu. Mwamba ule pale, wanauona. Ikatokea boti ya mafundi waliokuwa wakitengeneza maboya, wakawarushia kamba. Mama akaidaka. Kamba ikamchuna kiganja, hakuiachia, akaifunga omoni, mbele ya mashua. Wakavutwa mpaka ndani. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Walivutwa.

Nahodha alipopewa Jumamosi yake, alisimulia vizuri mno. Kusimulia anajua, tusimnyime haki yake. Akaeleza injini ilivyozima. Akaeleza mkondo. Akaeleza mwamba, mpaka watu wakashika viti. Halafu akasema, "Nikausoma upepo, nikapenya kwa tanga tupu." Ukumbi ukapiga makofi. Boti ya mafundi haikutajwa. Kamba haikutajwa.

Kijana mmoja, fundi umeme, alikuwepo na mkewe. Walikuwa wanajiandaa kwenda kisiwa hicho hicho. Akauliza, "Kwa hiyo hata maji yakipwa inawezekana?"

Nahodha akamjibu, "Ukiwa na moyo, inawezekana."

Hapo mama akasimama. "Baba watoto, umesahau kamba. Tulivutwa."

Mwenyekiti wa klabu akacheka. "Mama, bahari tuachie sisi. Wewe tuangalizie chai."

Mama akainua kiganja. "Na hiki kidonda nimekipata kwenye chai?"

Watu wakamgeukia Nahodha. Naye, mbele ya ukumbi mzima, akasema, "Mke wangu siku ile alikuwa chini anatapika. Hakuona kitu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko hicho, binti anasema mama yake alikisikia mpaka anakufa.

Nyumbani, Nahodha ndiye aliyenuna. "Umenivua nguo mbele za watu." Mama akamwambia, "Kesho nenda kwa yule kijana, mwambie kweli, mkiwa wawili tu. Mimi sitafungua mdomo tena." Akasema atakwenda. Hakwenda. Mama akaenda mwenyewe. Fundi umeme akamkaribisha kiti, akamsikiliza, akasema, "Asante mama, tutakuwa waangalifu." Alisema vile mtu anavyosema ili mama wa watu aridhike, aende zake.

Vijana wakasafiri. Wakafika kwenye mlango ule maji yanapwa. Wangeweza kungoja yajae. Hawakungoja, kwa sababu walikwisha kusikia kwamba inawezekana. Mashua ilivunjikia mwambani. Mke aliokolewa. Fundi umeme alikufa maji.

Klabuni wakasema kijana hakujua kuusoma upepo. Na aliyewasimamisha wote wanyamaze kwa heshima ya marehemu, ni Nahodha.

Tangu siku ile mama alikaa kiti cha mbele kila Jumamosi. Maswali yakianza, mkono wake juu. Swali ni moja tu. "Mlivutwa?" Wengine walikasirika. Wengine walikunja uso wakamwambia Nahodha, "Mwenzetu, mfunge mkeo breki." Lakini baada ya muda, wasimuliaji wakaanza kujihami. "Kabla Mama Kamba hajaniuliza, ndiyo, nilikwama kwenye matope, nikatolewa na trekta." Watu hucheka, lakini matope yale yalipo wameshayajua. Nahodha peke yake ndiye hakuwahi kumjibu.

Binti alimuuliza, "Mama, kwa nini hukumwacha?"

Akasema, "Nikimwacha, nani atamuuliza?"

Sasa Jumanne. Makaburini klabu ilikuja nzima, wamevaa kofia zao. Nahodha akasimama kumzungumzia mkewe. Akazungumza vizuri. "Tulikuwa wawili tu baharini. Hatukumhitaji mtu."

Binti akauliza, kwa sauti ya chini, mkono juu kama mama yake. "Baba, mlivutwa?"

Nahodha akaangalia jeneza, akaangalia wenzake wa klabu. Akasema, "Mama yako alikuwa chini, anaumwa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mjane wa fundi umeme alisogea, akachota udongo kwa mkono, akauachia polepole. "Mama, mimi nilikuamini siku ile ile. Niliona haya kusema mbele za watu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti wa marehemu, na kwa mjane yule, tunatoa pole. Mungu awape subira. Nahodha, najua unanisikiliza. Umefiwa, na wewe pole. Ninaisema kwa moyo.

Na sisi tuliobaki tujitazame. Kila mmoja wetu ana safari anayopenda kuisimulia. Atafute aliyemwacha nje ya hadithi yake, na atazame nani anamfuata nyuma.

Jumamosi hii kuna mazungumzo klabuni. Msimuliaji ni Nahodha. Picha ni zile zile, mlango ni ule ule wa kisiwa. Mlango wa ukumbi uko wazi kwa kila mtu, na kiti cha mbele kiko tupu. Nendeni. Msikilizeni mpaka mwisho, kwa adabu. Maswali yakianza, inueni mikono.