Unyayo wa Kando ya Kijito

Sogeeni, wanangu. Phagni, kaa hapa karibu na kichwa changu, na wewe Samaru weka hilo shoka chini unisikilize. Mama yenu nimemtuma akaokote maua ya mahua ya kupikia pombe makusudi, kwa sababu nitakayoyasema yanamhusu, na sikutaka anitazame usoni nikiyaanza.

Shoka ni la Samaru. Shamba la mteremkoni mgawane sawa. Miti mitatu ya mahua ya nyuma ya zizi ni ya Phagni, na asitokee mjomba yeyote kudai tawi. Ujuzi wa nyayo hauna kugawana, nyote nimewapa tangu mnatambaa: chui milia dume unyayo wake ni mviringo, wa jike umechongoka, chui huficha kucha, fisi hawezi, unyayo uliokanyaga umande ni wa leo, ulioangukiwa na umande ni wa jana. Na dubu je, Samaru? Ndiyo. Mguu wake wa nyuma unafanana na wa mtu, ila kidole kikubwa kiko upande wa nje. Hata mtoto anajua. Basi mimi, mwalimu wenu, kuna siku nilishindwa kukitazama kidole hicho.

Nilikuwa na wivu. Nasema wazi, sina pumzi ya kuzungukazunguka. Nilimwonea wivu Jhingru wa ng'ambo ya kijito, huyo mliyekua mkiambiwa asikanyage uani kwetu, bila kuambiwa kwa nini. Mabwana wa misitu walipokuja kuhesabu chui milia walituita wote wawili, lakini walichuchumaa pale alipochuchumaa yeye. Naye Jhingru hakuniacha: "Lamtu, chui wako leo ana vidole vingapi?" Watu wakicheka, na mama yenu akicheka nao. Kicheko kile cha mama yenu ndicho kilichonichoma, kwa sababu kabla sijamwoa walikuwa wakicheza ngoma pamoja, yeye na Jhingru, wameshikana mikono. Tangu hapo kila asubuhi nilikagua nyayo zake, nione kama kuna nyingine kando yake.

Msimu wa mahua, wewe Samaru ukiwa ndiyo kwanza unaota meno, mama yenu alitoka alfajiri na kikapu. Nikamfuata. Kwenye mchanga wa kijito nikaona nyayo zake, na kando yake unyayo mpana, mfupi, vidole vimetanuka. Jhingru ana mguu mpana, kijiji kizima kinajua. Sikuinama. Mnasikia? Maisha yangu yote ni kuinama, na siku ile nilisimama wima kama bwana mkubwa, nikasema, "Haya, na wafurahi," nikageuka, nikarudi nyumbani kujipangia matusi ya kumtolea akirudi.

Mama yenu alirudi mgongoni mwa Jhingru. Jicho la kushoto halipo, ngozi ya kichwa inaning'inia. Jhingru alisikia mayowe akamfukuza dubu kwa shoka lake. Na mimi, badala ya kushukuru, nikamwuliza mbele ya watu, "Wewe ulikuwa unafanya nini huko na mke wangu?" Yeye alimlaza mama yenu mkekani, akanawa damu, akaenda zake, nami nikampiga marufuku uani mwangu mpaka leo.

Nipeni maji. Kidogo tu... yatosha.

Kesho yake nilirudi kijitoni kufuta nyayo zangu, maana mjuzi yeyote angeona nilipofika, nilipogeuka, na visigino vilivyozama kwa hasira. Sikuzikuta. Za dubu zilikuwapo, za mama yenu zilikuwapo. Zangu zilikuwa zimefagiwa kwa tawi, na pale ufagio ulipokomea palikuwa na unyayo mpana wa mtu, kidole kikubwa upande wa ndani. Jhingru alinisoma, akanifuta, na kwa miaka ishirini na miwili hajamwambia mtu. Mnadhani nilishukuru? Nilimchukia mara mbili. Hata kwa wema kanishinda!

Nikifa, Samaru, vuka kijito ukamwite. Mwite baba mdogo, kwa sauti, watu wasikie. Yeye ndiye atangulie kwenda kaburini, ninyi mfuate. Inaniuma kulisema hili, lakini nimelisema.

Lete mkono wako, Phagni. Na wewe. Mungu wetu Thakur Dev awalinde mkiingia msituni na mkitoka, awape riziki na afya, awape watoto... wanaoinama kabla ya kusema.

Huyo anakuja mama yenu, namsikia. Nataka nimwambie mwenyewe. Pumzi ikiniishia, Phagni, mwambie wewe. Yote. Na la tawi la Jhingru usimfiche... ingawa najua akilisikia hilo atalia, na mimi nimelala hapahapa, na hatakuwa ananililia mimi.