Eluned wa Posta na Nyumba Aliyoikana

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Jumanne iliyopita Eluned Pugh alifariki dunia hapa Aberwennol, akiwa na miaka themanini na mmoja. Eluned Pugh. Wengi mlimwita Eluned wa Posta, maana alituletea barua kwa miaka thelathini. Na wengi wenu, tusifichane, mlikuwa mmeacha kumsalimia.

Mlikosea. Sote tulikosea.

Alipostaafu, Eluned alijitolea kwenye shirika linalowahifadhi wanawake wanaopigwa majumbani. Kazi yake ilikuwa moja. Ninyi mlileta vitu jikoni kwake: mablanketi, nguo za kulalia, miswaki, midoli. Yeye akavipeleka kwenye nyumba ya siri. Kila Alhamisi, peke yake. Hakumwambia mtu ilipo nyumba hiyo, hata Idwal, mdogo wake, kiongozi wa kwaya yetu ya wanaume.

"Nilikuwa namtania," anasema Idwal. "Namwambia, dada, umeficha mchumba huko. Ananijibu, 'Na amekushinda kwa sura. Nyamaza unywe chai.'"

Miaka tisa iliyopita, ndani ya nyumba ile alikuwemo mama mmoja na binti zake wawili. Tumwite Sioned, si jina lake. Mumewe alikuwa ameapa kumtafuta mji kwa mji. Kwa wiki sita Sioned hakufungua pazia. Eluned alionyeshwa picha ya mume huyo, ili akimwona atoe taarifa.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, saa tano asubuhi, Eluned anatoka kununua mkate. Anakuta kwaya nzima inashuka Mtaa wa Kinu. Wanaume ishirini na sita, tai nyekundu, vitabu mkononi. Nyuma yao umati, simu juu, zinapiga picha.

"Mnakwenda wapi?"

"Kuwaimbia wale kina mama!" anasema Idwal, uso unang'aa. "Gari lako liko kwenye ule mlango wa kijani kila Alhamisi, dada. Unadhani mimi kipofu?"

Mlango wa kijani ulikuwa nyumba nne tu mbele. Halafu akamwona. Safu ya nyuma, mwanakwaya mgeni, aliyejiunga wiki tatu tu zilizopita. Uso ni ule ule wa kwenye picha. Anatazama madirisha, moja moja.

Wasikilizaji wapendwa, hebu simameni pale alipokuwa. Akisema "Rudini, mnamhatarisha mtu," ameshamwonyesha mume nyumba. Akinyamaza, wanafika.

"Pisha njia, Eluned wa Posta!" akapaza sauti Hefin wa Bucha. "Leo huna barua, una mkate tu!"

Watu wakacheka.

"Hakuna kina mama pale," alisema Eluned.

"Dada, usituchezee."

"Hakuna. Walihamishwa mbali tangu mwaka juzi. Pale kuna bibi mgonjwa, huwa naenda kumwogesha."

Kicheko kikamkauka Hefin. "Na mablanketi yetu je?"

"Nauza."

"Unasemaje?"

"Nauza, Hefin. Sokoni Carmarthen. Na midoli pia."

Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Mwizi mkubwa wewe!" Idwal akafunga kitabu chake cha nyimbo. "Usiniite ndugu yako tena," alisema. Kwaya ikageuka. Yule mume akageuka nao, anacheka.

Eluned alibaki pale mpaka mtaa ukawa mtupu. Hakugeuza hata shingo kuutazama ule mlango. Alikwenda kulipigia shirika simu. Kabla ya saa tisa mchana, Sioned na binti zake walikuwa wameshatolewa mjini, ndani ya gari la dobi.

Miaka tisa alibeba jina la mwizi. Wanawake wengine waliingia nyumba ile, na kumsafisha Eluned kungekuwa kuionyesha. Shirika lilimbembeleza aliruhusu litafute namna ya kumtetea. Alikataa. "Acheni waninunie," aliwaambia. "Wakiwa wananinunia mimi, hawautazami mlango."

Mwezi uliopita nyumba ya siri ilihamishiwa kwingine, ndiyo maana sasa tunaweza kusema. Siku tatu baada ya kifo chake, Sioned alibisha hodi kwa Idwal na kumweleza yote.

"Miaka tisa nilipita mbele ya dirisha lake," anasema Idwal. "Alinipungia mkono. Kila mara. Mimi natazama pembeni."

Pole, Idwal. Poleni, familia ya Pugh. Pole, Sioned, popote ulipo, na usituambie ni wapi.

Na sisi tujiulize. Tulitaka kusaidia, au tulitaka kuonekana tunasaidia? Vitu bado vinahitajika: miswaki mipya, nguo za watoto za kulalia, chaja za simu. Duka la shirika liko barabara kuu. Weka mezani, ondoka. Usiombe picha. Usifuate gari. Usidai shukrani kwa mtu ambaye akionekana anaweza kufa.

Na wewe unayetusikiliza kwa sauti ya chini, sikio moja likiwa mlangoni: namba ya shirika imebandikwa ndani ya milango ya vyoo vya wanawake, pale maktaba na kituo cha afya. Si lazima utaje jina. Si lazima uwe na alama mwilini. Na kama sasa hivi umesikia ufunguo wa mumeo ukigeuka, zima redio. Hatutakasirika. Zima.