Mama Kadi na Droo za Chini

Ndugu mwenzangu, nakuomba sana usimwoneshe mtu wa ghorofa ya juu karatasi hii. Wasifu utakaosomwa ukumbini umeshapitishwa na mkurugenzi, nao ni mzuri. Huu ni ule mwingine. Ukishausoma, mpe wa meza inayofuata mkono kwa mkono, la sivyo uuchane.

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ya Kiingereza ya ofisi yetu ya kamusi, Mama Kadi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi mhariri mkuu.

Jina alilipata kwa kadi zake. Kila aliposikia neno la Kiingereza limegeuka maana, aliandika kwenye kadi nani kasema, wapi na kwa nini. Msemaji awe kinyozi, nesi au binti yake kwenye simu, kwake ni sawa. Ipo kadi ya “mouse”, panya aliyehamia mezani kwa kompyuta kwa sababu kifaa chenyewe kilikuwa na mkia. Ipo ya “meat”, ambayo zamani ilikuwa chakula chochote, ikabanwa mpaka ikabaki nyama. Ipo ya “safari”, waliyoazima kwetu. Huko ugenini ikazoea kutazama wanyama, wakati sisi tunasafiri hata kwenda kumjulia hali shangazi.

Maana iliyochakaa hakuifuta. Aliihamishia droo ya chini. Dereva wetu hakuchoka kumtania: “Mama, leo tunazika neno gani?”

“Hatuziki, mwanangu. Limestaafu. Liache lipumzike, na hiyo droo usiifunge.”

Mkurugenzi aliwahi kulalamika kikaoni kwamba vijana wanakiharibu Kiingereza. Mama Kadi hakubishana. Aliomba barua moja tu ya ofisi isomwe kwa maana za kale, na mkurugenzi akajikuta amemwita mgeni wake “nice”, yaani, kwa maana ya enzi hizo, mjinga. Mkurugenzi mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Watu hubadilisha kazi, vyombo na majirani, Mama alitueleza siku ile, na lugha haiwezi kubaki nyumbani peke yake.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Wakubwa wa juu wameniagiza kwamba ifikapo Jumatatu asubuhi kabati lake la kadi liwe tupu, droo za chini ziende kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, kwa kuwa maana za leo zimo kwenye kompyuta. Ni kweli zimo. Aliyesema, mahali na sababu havimo. Mama hajaambiwa. Mimi ndiye ninayeirithi meza yake, na bado sijathibitishwa kazini, kwa hiyo kukataa siwezi. Ila agizo linataka kabati tupu. Halikusema ni nani atangulie kutoa vilivyomo. Kila mmoja wetu akibeba droo moja, zinaisha.

Mama, hata kama hutaisoma karatasi hii, ahsante kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kusahihisha. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele ya ofisi, na siku utakayoulizia kadi yako, uikute.

Mwenye nafasi chini ya kitanda anione chumba cha kunakilia, saa ya chai, kuanzia leo hadi Ijumaa. Usinipigie, simu ya meza yetu bado anaipokea Mama mwenyewe. Gonga mara mbili, useme umefuata wino. Njoo na mfuko mpana.