Kizimba cha Penina Kinahama

PENINA: Haloo? Nani mwenzangu?

MUGETA: Kaka yako. Laini mpya ya wifi yako hii. Ya kwangu hupokei toka jana.

PENINA: Shikamoo kaka.

MUGETA: Marahaba. Mbona kelele hivyo? Uko wapi?

PENINA: Ziwani.

MUGETA: Ziwani unafanya nini?

PENINA: Tunahamisha kizimba cha samaki.

MUGETA: Unahamisha? Si tulikubaliana sato wauzwe leo? Clever mnunuzi ameshatoka Bunda na gari—

PENINA: Mlikubaliana wewe na Clever. Samaki ni wangu. Na bado wadogo, kiganja tu. Nani anachinja ndama?

MUGETA: Bora wadogo kuliko wafe wote kama mwaka jana.

PENINA: Na mwaka juzi je? Kila mwaka tunasema bahati mbaya, bahati mbaya. Ziwa limepata moto, kaka! Nilipoolewa huku Kiriba ulikuja kunitembelea, ukaoga hapa hapa ghubani, ukatoka unatetemeka. Unakumbuka?

MUGETA: Nakumbuka. Nilikuwaga naoga dakika moja tu—

PENINA: Leo maji ni ya kumwogesha kichanga! Yule bwana wa utafiti aliyekuja kupima maji alisema ziwa lote linapanda joto mwaka hadi mwaka, na bahari huko hivyo hivyo. Maji ya moto hayashiki hewa. Samaki wanakosa pumzi.

MUGETA: Sasa unawapeleka wapi?

PENINA: Nje ya ghuba. Kwenye kina, maji yanakotembea.

MUGETA: Kule?

PENINA: Kule.

MUGETA: Penina, kule ndo—

PENINA: Ndo alikozama Prosper. Sema tu. Mume alikuwa wangu, usinizungukie.

MUGETA: Una watoto, mdogo wangu.

PENINA: Na wanakula nini hao watoto? Nimevaa jaketi la kuokolea, niko na Isaya na vijana wake, mitumbwi miwili inakokota. Nyasi zilipoisha Butiama baba alihamishaga ng'ombe. Kuna mtu alimwambia auze ndama?

MUGETA: Hakuna.

PENINA: Basi na mimi nahama. Mtanisema mpaka mchoke. Tena niache, kuna kitu hapa sikielewi. Samaki wanakuja juu, wanatweta. Jana walikuwa wazima kabisa.

MUGETA: [mtandao unakwaruza] Wegesa hajakwambia?

PENINA: Wegesa mlishaji wangu? Aniambie nini?

MUGETA: Nilimpigia alfajiri. Nikamwambia awamwagie chakula mara mbili. Wajae, Clever akija awaone wazito. Si unajua ng'ombe wa mnadani, tunamnywesha kwanza tumbo lijae—

PENINA: Uuuwi! Kaka!

MUGETA: Nilijua nasaidia—

PENINA: Samaki wa kuhamishwa anashinda njaa! Toka jana sijawapa hata punje! Akishiba kwenye maji ya moto ndo hewa inamwishia! Isaya! Isaya, punguza injini! Punguza, wameshiba hao!

MUGETA: Rudini basi! Rudini ghubani—

PENINA: Turudi wapi? Kule ndo moto wenyewe! Nikirudi nimewazika. Sirudi!

MUGETA: Watakufa njiani, dada.

PENINA: Watakaokufa watakufa wanaenda. Pole pole, Isaya, hivyo hivyo! Usiangalie nyuma!

MUGETA: Nisamehe. Mungu wangu, nimekuharibia.

PENINA: Umeniharibia, ndiyo. Nina hasira na wewe. Sasa utanisikiliza?

MUGETA: Nakusikiliza.

PENINA: Mpigie Clever ageuze gari. Halafu panda bodaboda, Elias jirani yangu atakungoja ufukweni na mtumbwi. Kuna kamba huku inataka mikono mingine.

MUGETA: Nije huko kwenye kina? Mimi?

PENINA: Wewe.

MUGETA: Penina, mimi maji naogopa. Unajua.

PENINA: Na mimi naogopa, kaka! Toka siku ile waliyonirudishia shati tupu naogopa kila asubuhi. Njoo hivyo hivyo unavyoogopa.

MUGETA: [anatafuta viatu]

PENINA: Haloo? Umekata?

MUGETA: Sijakata, navaa viatu. Dakika za wifi yako zinaisha. Nakuja, umesikia? Usiachie kamba, naku—