Risala ya Wasukumaji wa Lubondja kuhusu Gari Lililokuleta

Mgeni rasmi, pole na shimo.

Risala hii tuliiandika juma lililopita, na mstari wake wa kwanza ulikuwa unakupongeza kwa kufika salama ndani ya ambulansi mpya. Komite imekutana sasa hivi nyuma ya kituo cha afya, wakati wewe unanawa miguu, ikakubali mstari huo uondolewe. Mengine yote yatasomwa kama yalivyopitishwa, pamoja na ya leo tuliyoyaongeza pembeni, isipokuwa pale ambapo aibu itatuzidi nguvu.

Anayekusomea ni Rosette, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubondja na katibu wa Chama cha Wasukumaji. Ninasoma kwa niaba ya wote unaowaona: wakulima wa mihogo, wamama wanaopandisha samaki kutoka Baraka, na wafugaji walioshuka milimani tangu jana ili wasikose kukuona.

Kabla ya kuendelea, tazama mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto. Huyo ni Gentille. Mwezi wake umetimia, na kwa kuwa mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, mkunga amesema huyu wa pili asizaliwe hapa bali hospitali, kule Fizi. Tumekubaliana naye kwamba akiinua mkono, risala inakatwa hapo hapo, hata kama tutakuwa katikati ya kutaja vyeo vyako.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana Lubondja. Kilichotokea kwenye kona ya shule ni kosa letu, na tungependa ulisikie kutoka kwetu kabla hujalisikia kwa watu wa Fizi.

Tuliposikia unakuja, tulifanya salongo, kazi ya kijiji kizima. Wanaume walifyeka, vijana walipaka mawe chokaa, wamama wakafagia. Pale kwenye kona kulikuwa na shimo ambalo sisi tunalijua kama tunavyojua milango ya nyumba zetu. Tukaona ni aibu mgeni alikute shimo. Kulijaza mawe kungekuwa kazi kubwa, na sherehe ilikuwa inakaribia. Basi tukalijaza migomba, tukatandaza udongo juu yake, tukaufagia mara mbili, wamama wakamwaga maua. Tunasema bila kujisifu: barabara nzima, kutoka Baraka hadi hapa, hapakuwa na mahali pazuri kama pale. Hakuna mtu wa hapa ambaye angekanyaga pale. Tulichosahau ni kwamba wewe si mtu wa hapa.

Shofere wako, bwana Dieumerci, hana kosa lolote. Aliona mahali palipofagiwa, akaelekea pale kwa heshima. Gari lina kamera mbele, nyuma na ubavuni, na zote ziliona maua na kuyaleta kwenye kioo kilicho mbele ya shofere. Waliokuwa karibu walimsikia akikuambia, "Patron, ecran iko naonyesha njia muzuri, muzuri kabisa!" Wakati anasema "kabisa", pua ya gari ilikuwa tayari imezama.

Tunaipongeza pia mifuko ya hewa iliyofumuka mbele yako. Wanafunzi walidhani ni sehemu ya sherehe, ndiyo maana walipiga makofi. Tafadhali usiwachukulie vibaya.

Baada ya hapo ulipakiwa kwenye gari letu, Tusukume. Kwenye mteremko wa kanisa lilizimika lilipokuwa linapanda, abiria wote wakashuka, na wewe ukashuka. Hilo tutalirudia mbele.

HISTORIA YA TUSUKUME

Zamani kidogo tulipewa gari lingine la kigeni, jipi nyeupe ya kubebea wagonjwa. Ilikuwa gari nzuri na tuliipenda. Siku moja taa ndogo ya njano iliwaka mbele ya usukani, na gari likakataa kuondoka. Injini nzima, magurudumu mazima, mafuta yamo. Tukaambiwa kompyuta yake imeona jambo, na jambo hilo litasomwa na mtaalamu mwenye mashine yake, tumngojee. Tulimngojea. Kuku walianza kutagia kwenye kiti cha nyuma.

Ndipo Solange akashikwa na uchungu. Solange alikuwa dada yake Norbert, fundi wetu wa garaji. Tulimbeba kwenye machela kushuka Fizi, wanaume wakipokezana, mvua inanyesha. Hatukufika. Alifia njiani pamoja na mtoto wake, na jipi ilikuwa bado imeegeshwa kwenye kituo cha afya, safi, taa yake inawaka. Mgeni rasmi, hili linatuuma hadi leo, wala hatutalipamba.

Baada ya maziko Norbert alisema, "Mi sitangojea tena ile taa izime. Mi natengeneza gari yenye haina taa."

Akatafuta injini ya lori lililokufa miaka mingi. Magurudumu yalitoka huku na huku, ndiyo maana gari letu huinamia kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza. Bodi ni ya mbao, na kwa kuwa maseremala wenye mkono mzuri ni wale wa ziwani, tuliwaita mafundi wa mitumbwi kutoka Baraka. Walifanya kazi safi sana. Waliziba kila mwanya kwa pamba na mafuta ya mawese, hata tone haliwezi kupenya kutoka chini. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yakaingia kwa juu na hayakuwa na pa kutokea, na abiria wakafika Fizi wakiwa wamelowa mpaka kiunoni. Tangu hapo tumetoboa sakafu na kuweka kizibo.

Honi tulipewa na mzee Hakizimana, mfugaji wa milimani. Alivua kengele kwenye shingo ya ng'ombe wake, akasema, "Hii kengele, bangombe yote iko naijua. Mupige tu, itawapisha." Ni kweli, ng'ombe hutupisha. Mbuzi bado tunazungumza nao.

ULINGANISHO TULIOULIZWA

Ofisi yako ilituomba tulinganishe gari la kigeni na gari la hapa, kwa usalama na kwa uimara. Tulikaa, tukabishana, wengine wakakasirikiana kidogo, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Kwa upande wa usalama, gari la kigeni lina mifuko ya hewa inayotoka baada ya kugonga. Letu lina mifuko ya mihogo, ambayo imekaa mbele ya abiria kabla ya kugonga. Gari la kigeni lina mikanda. Letu lina vitenge, ambavyo kila mama hutoka navyo nyumbani, na tangu lini umesikia mtoto ameanguka kutoka mgongoni kwa mama yake? Wanaume walikataa mwanzoni kufungwa vitenge. Baada ya kona ya pili waliomba wenyewe.

Breki zetu ni mbili: ya mguu na ya jiwe. Ya mguu hufanya kazi ikitaka. Ya jiwe hubebwa na mtu mzima anayetembea nyuma ya gari kwenye kila mlima, na likianza kurudi nyuma, analiwekea. Mbeba jiwe huchaguliwa kwa kura. Mwenyekiti wetu, bwana Henri, ndiye mwenye cheo hicho sasa, na ndiyo sababu amekaa karibu yako akiwa amelikumbatia. Usidhani ni zawadi.

Tunaweza kusema pia kwamba Tusukume halijamuua mtu yeyote barabarani. Lakini risala ni mahali pa kweli: haliwezi kumfikia mtu mwenye haraka.

Kwa uimara, gari la kigeni haliharibiki ovyo. Likiharibika, linaharibika kwa elimu, na hakuna wa kuongea nalo. Letu linaharibika kila siku, na kila mtu hapa anajua linaumwa wapi. Wamama wa samaki wanaweza kufunga bomba lililopasuka bila kuacha kuongea. Lile la kigeni lina taa ya kuonya. Kwetu sisi ndio tunaopiga kelele.

Hatutaki kulidharau gari la kigeni, mgeni rasmi. Lina kitanda laini, lina oksijeni, lina mwanga ndani, na halimtikisi mgonjwa. Gentille alipoambiwa ambulansi inakuja, alilia kwa furaha. Tena Norbert mwenyewe alitukatiza tukiwa tunajisifu. Akasema, "Injini ya gari yetu, ilitoka wapi? Si ngambo?" Tukahesabu upya. Injini ni ya ng'ambo, bodi ni ya ziwani, honi ni ya milimani, kusukuma ni kwa Lubondja. Hatukuweza kuamua ni gari la nchi gani, tukaenda kula.

(Gentille, uko sawa? Anasema: "Niko sawa, Mwalimu, soma. Lakini soma mbio." Tunaendelea, mbio.)

SHIDA ZETU

Shida ni moja. Redio ilitangaza kwamba leo, ukishakabidhi ambulansi, utatamka kwamba magari yote ya kutengenezwa kienyeji yasionekane tena barabarani. Hatukuona ubaya wa nia hiyo. Mtu akiliona Tusukume kwa mara ya kwanza, hata sisi tungeshangaa kama asingeogopa.

Lakini ambulansi iko shimoni, mgeni rasmi. Bwana Dieumerci ametueleza kwamba imewasha taa. Tulimuuliza rangi gani. Alipojibu ni ya njano, wazee walivua kofia.

Norbert hajala tangu aliposikia tangazo lile. Anasugua gari tu, anasugua, kama anamwogesha mtu. Ukilitamka neno lile leo, Gentille atabaki na ambulansi ambayo haitoki na gari ambalo haliruhusiwi, na sisi tutarudi kwenye machela. Tunaogopa. Tumeona afadhali tukwambie hivyo kuliko kukuimbia wimbo mwingine.

MAOMBI

Tunaomba usilitamke neno lile.

Tunaomba ambulansi ikitolewa ibaki kwetu, na Norbert apelekwe kufundishwa kuongea na kompyuta yake. Amesema yuko tayari kukaa darasani hata na watoto.

Tunaomba mawe ya kujaza lile shimo. Migomba tunayo.

Na sasa tunarudi kwenye mteremko wa kanisa, kama tulivyoahidi. Sheria ya chama chetu ina kipengele kimoja tu, kwa sababu tulikosa muda wa kuandika kingine. Kinasema: kila aliyelisukuma gari hili likawaka, ni mwenye gari. Haijalishi ni Mkatoliki au Mprotestanti, wa ziwani au wa milimani, mkubwa au mdogo. Hatuna namna nyingine ya kuingia chamani, na namna ya kutoka hatujaigundua.

Leo, Tusukume lilipozimika, hakuna aliyekuomba ushuke. Tulisema, "Patron, ubakie ndani." Ulishuka mwenyewe na viatu vyako, ukakunja mikono ya shati, ukashika nyuma upande wa kushoto, penye ubao uliochongoka. Tena ni wewe uliyehesabu: "Moja, mbili, tatu!" Na kwa tatu yako gari likawaka. Norbert anasema halijawahi kuwaka upesi hivyo.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, komite imekutana mara ya pili, ikaona kwamba gari unalotaka kuliondoa barabarani ni la kwako. Mtu hazuiwi kuliondoa gari lake. Tunakuomba tu, kama mwenzetu, utushauri kwanza: wewe mwenyewe utarudi na nini?

HITIMISHO

Tulikuwa tumeandika hitimisho refu, lenye shukrani kwa ofisi yako, kwa mkeo, kwa

Mgeni rasmi, mkono umeinuliwa.

Norbert, usukani! Wamama, vitenge! Henri, jiwe, inuka! Mumushike Gentille polepole, mumuweke kwenye kiti cha mbele, kile alichokalia mgeni akija. Bwana Dieumerci, wewe shika kengele, na uipige bila kuchoka mpaka Fizi.

Mgeni rasmi, neno lako tutalisikiliza tukirudi. Sasa hivi mahali pako ni nyuma, upande wa kushoto, na tumeshafunga kitambaa kwenye ule ubao usikuchome tena. Batri imekufa na tunangojea hesabu yako.

Mungu akutie nguvu mikononi, aishike barabara isihame, na amfikishe Gentille akiwa wawili.

Ni sisi, wasukumaji wenzako,
Chama cha Wasukumaji wa Lubondja.